Samaki Aliyelazwa Ghorofa ya Tatu

Dada yangu Lempi Haapala alisukuma watoto kwa miaka ishirini na tisa. Ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa kazi yake, kisha akangoja kuona uso wa mwulizaji. Ukweli ni kwamba alikuwa mhamisha wagonjwa katika hospitali ya watoto ya Mtakatifu Blasi, hapa kwetu Duluth, mji wa kando ya ziwa: kutoka wodini hadi eksirei, kutoka eksirei hadi chumba cha upasuaji, na kurudi. Waliokuwa wakubwa kidogo aliwasukuma kitandani. Wadogo aliwavuta kwenye kigari chekundu chenye gurudumu moja lililolia kama bata. Fundi wa hospitali alikuja na kopo la mafuta mara tatu, na mara tatu Lempi alimfukuza.

"Ukilinyamazisha hili," alimwambia, "watoto watajuaje kwamba ni mimi ninayekuja, si mtu wa sindano?"

Mungu alimchukua mwezi Januari, wiki ambayo ziwa liliganda mpaka gatini. Kanisani mchungaji alisema Lempi alikuwa mtumishi mnyenyekevu. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele nikiuma leso, maana Lempi hakuwa mnyenyekevu hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa kilo mia na ushei, mwenye viatu vya mpira vya kijani, aliyeanza kucheka kabla kichekesho hakijafika mwisho. Nimekuwa mdogo wake kwa miaka hamsini na minne na sijasikia mwisho wa kichekesho hata kimoja. Aliimba vibaya pia. Manesi wa chumba cha kuzindukia walikuwa wakimwita awaimbie watoto waliochelewa kuamka, na watoto waliamka, ili anyamaze.

Lakini hakuwahi kumdanganya mtoto. Kama sindano inauma, alisema inauma.

"Inauma kiasi gani?" mtoto angeuliza.

"Kama kudonolewa na bata mwenye haraka zake."

Na asubuhi ya upasuaji, kama mtoto wake wa kwanza amekatazwa kula, yeye naye hakula, wala hakunywa kahawa, mpaka mtoto yule aingie. Sisi Wafini wa huku, wajukuu wa wahamiaji, tunaweza kuacha mengi kwa ajili ya Bwana, lakini kahawa huwa hatumtajii. Siku hizo nilijua kumkwepa mpaka mchana.

Hospitali ile ina desturi yake. Mwanasesere anayekwenda na mtoto kupasuliwa huvishwa utepe wa jina, sawa na mtoto. Dubu hupimwa joto. Sungura husikilizwa kifua, na daktari asiyesikiliza vizuri huambiwa arudie. Lempi ndiye aliyekuwa akiandika tepe hizo kwa mkono, kwenye tepe tupu alizowekewa na Delbert, karani wa ghorofa ya tatu, mtu mwembamba aliyevaa tai yenye picha za vijiko.

Sasa nisimulie habari ya samaki.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi Machi, miaka kumi na miwili iliyopita. Ghorofa ya tatu alikuwapo Orrin Saari, mtoto wa miaka sita, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda kuelekea ndani. Daktari wa kuunyosha, Dokta Bergstad, alikuwa akitoka Minneapolis Ijumaa moja tu kwa mwezi. Mwezi Januari Orrin alijificha ndani ya toroli la mashuka machafu na akakutwa mlangoni mwa dobi, zamu yake ya kufuliwa ikiwa imekaribia. Mwezi Februari alikutwa chooni na kipande cha mkate mdomoni, na mtu mwenye chakula tumboni hapewi dawa ya usingizi. Daktari alimwambia mama yake waziwazi kwamba wakishindwa mara ya tatu, nafasi itakwenda kwa mwingine na Orrin atangoja mpaka vuli. Kufikia vuli mfupa ungekuwa umekomaa na kazi ingekuwa kubwa zaidi.

Basi Lempi alimwendea Orrin asubuhi ile, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikainama.

"Bwana Saari, leo unakwenda?"

"Naenda. Lakini Hauki kwanza."

Hauki alikuwa samaki wa kitambaa, urefu wa mkono wa mtu mzima, mwenye meno ya sufu na sura ya mtu anayedaiwa maelezo. Jina lake, kwa Kifini, ndilo tunalomwita samaki mkali wa maziwa yetu. Pezi lake moja lilikuwa limechanika, na pamba inatoka.

"Aanze Hauki," Orrin alisema, "na ashonwe na yule daktari mwenyewe. Si nesi. Si wewe."

"Nitamwomba daktari. Siwezi kukuahidi atakubali, maana ni Mnorwei, na hao ni watu wagumu."

"Na wewe umekula?"

"Sijala. Sijanywa hata kahawa. Usinikasirishe."

Orrin alimtazama kwa muda, akaona ni kweli.

Lempi alikwenda kwa Delbert kuchukua utepe. Tepe tupu zilikuwa zimekwisha.

"Lakini naweza kukuchapia wa mashine, dada Lempi," Delbert alisema. "Ila mashine haichapi mpaka ijibiwe maswali yake."

"Ijibu."

"Jina la ukoo?"

"Saari. Wanaishi nyumba moja."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Alikuja siku aliyozaliwa Orrin. Weka hiyohiyo."

"Uzito?"

"Delbert, ni pamba."

"Haipokei sifuri."

"Weka kilo moja."

"Tatizo lake?"

"Pezi limechanika."

Delbert alitafuta kwenye orodha ya viungo. "Pezi hakuna. Naweka mkono. Mlezi wake nani?"

"Niweke mimi. Mama yake Orrin ana karatasi za kutosha huko chini."

"Uhusiano na mgonjwa? Inanipa mama, baba, au mahakama."

"Basi mama," Lempi alisema. Yeye hakujaliwa kuolewa wala kuzaa. Aliniambia jioni ile kwamba kuzaa kwenyewe ni dakika nne tu, ukipata karani mzuri.

Utepe ulitoka, wakamvika Hauki kwenye mkia. Hakuna aliyeona ajabu. Katika nyumba ambamo sungura hupigwa eksirei, ajabu ingekuwa kumwacha samaki bila utepe. Ila kulikuwa na swali moja la mwisho, la chakula, na Delbert alilipita bila kuligusa. Mashine, kwa busara zake, ikaandika: chakula cha kawaida.

Saa tano na nusu msichana wa jikoni alisimama mlangoni na sinia.

"Hauki Saari?"

Orrin alikuwa peke yake, mama yake yuko chini akitia sahihi. Aliuinua mkia wa samaki. Msichana alifanya kama sheria inavyotaka: alisoma utepe, akaulinganisha na karatasi yake, jina sawa, tarehe sawa, akaweka sinia akaenda zake. Akili yake ilikuwa kwenye masinia mengine arobaini.

Ile ni hospitali ya masista, na ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama. Kwenye sinia palikuwa na vipande vya samaki wa kukaanga, viazi, na bakuli la jeli nyekundu.

Lempi alifika na kigari chake kinacholia kama bata akakuta hivi: mtoto ambaye hajala tangu jana jioni, kidole chake kikiwa juu ya jeli, pengo la unene wa ukucha. Ikigusa ulimi tu, ni vuli. Kumpokonya sinia kungezua vita, na mtoto aliyetoka vitani hamruhusu mtu amfunge barakoa ya dawa ya usingizi. Na chakula kile hakuweza kukila yeye, kwa sababu naye alikuwa amefunga.

Akasimama mlangoni.

"Sinia la nani hilo?"

"La Hauki," Orrin alisema. Kidole hakikusogea. "Yeye wamemletea. Mimi hata maji wameninyima. Yeye ni pamba tu na wamemletea."

"Kweli hiyo si haki."

"Si haki kabisa."

"Hata mimi ningenuna. Sasa, chakula ni chake. Amekuambia ule?"

Orrin alimtazama Hauki. Alikuwa mwizi wa mkate, lakini kumwibia rafiki ilikuwa jambo jingine. Akamsogeza Hauki mpaka pua ikagusa sahani. Wakangoja. Lempi aliniambia hajawahi kusali kwa nguvu vile, na kwamba alikuwa akisali kwa ajili ya samaki, jambo ambalo hakuwa na uhakika kama sisi Walutheri tunaruhusiwa.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema wale kwenye sahani anawajua."

"Ala. Poleni. Na jeli?"

Orrin aliinamisha sikio, akasikiliza kwa muda mrefu sana kwa habari ya jeli.

"Hataki," alisema, kwa huzuni. "Anasema anakwenda kupasuliwa. Amefunga."

"Na wewe je?"

Kidole kilirudi taratibu, kikafutwa kwenye shuka ingawa hakikuwa kimegusa kitu. "Na mimi pia," Orrin alisema. "Liondoe haraka, Shangazi Lempi. Linanukia."

Lempi aliliweka sinia juu ya kabati la korido, akawapandisha wagonjwa wake wawili kwenye kigari, akawavuta mbio. Mama yake Orrin aliwakuta kwenye lifti, akashika mkono wa mwanawe.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alisimama Dokta Bergstad, mrefu kama nguzo ya taa, na orodha mkononi. Pembeni yake palikuwa na mwanamume akihema.

"Haapala," daktari alisema. "Nina akina Saari wawili leo. Mmoja ana miaka sita na kilo ishirini na moja. Mwingine ana miaka sita na kilo moja. Huyu bwana ni mtaalamu wa lishe. Amepanda ngazi mbio ghorofa nne kwa ajili ya huyo wa kilo moja."

"Ndiye huyu, daktari." Lempi aliuinua mkia.

Mtaalamu wa lishe alimtazama samaki, akasema kwamba kwa umbo lile uzito si mbaya, akakaa chini.

"Nani kamwingiza samaki kwenye orodha yangu?"

"Mimi, daktari. Mama yake. Nilimwambia Orrin nitakuomba umshone huyu kwanza, kisha yeye. Sikumwahidi kwamba utakubali. Sasa ndiyo naomba."

Dokta Bergstad aliangalia saa ukutani. Kisha akamwangalia Orrin, ambaye alikuwa amekaza mikono kwenye kingo za kigari, tayari kuruka nje na kukimbia kwa mguu wake uliopinda.

"Mgonjwa amefunga?" daktari aliuliza.

"Kaletewa chakula akakataa," Orrin alisema. "Mpaka jeli."

"Jeli ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu, na akakataa." Daktari alivuta kiti. "Huyu ni mgonjwa makini. Nipeni sindano na uzi."

Alimshona pale pale nje ya mlango, mishono miwili, akafunga fundo alilosema huwafungia wachezaji wa hoki tu. Orrin aliinama mpaka kichwa chake kikazuia mwanga, ikabidi aombwe asogee.

"Hakulia," alisema.

"Ni jasiri," daktari alisema.

"Hapana. Samaki hawana machozi." Alilipapasa pezi, akalivuta kidogo kuona kama litashika. Lilishika. Akavuta pumzi. "Haya. Sasa mimi. Lakini mimi nitalia."

"Lia tu, bwana mdogo," Lempi alisema. "Mimi mwenyewe nalia kwa kukosa kahawa."

Orrin akaingia, Hauki kifuani, na mlango ukafungwa. Lempi alikunywa vikombe vitatu bila kukaa. Kisha akarudi kwenye kabati la korido akala chakula cha mwanawe, cha baridi, mpaka jeli. Alisema ilikuwa haki ya mzazi.

Mguu ulinyooka. Majira ya baridi yaliyofuata Orrin alicheza kuteleza kwenye barafu, vibaya kama watoto wengine wote, na ndicho kitu mama yake alichokuwa akikiomba.

Delbert alisahau kumfuta Hauki kwenye mashine, au hakutaka. Kila mwaka barua ilikuja nyumbani kwa Lempi, ikimkumbusha mama wa Hauki Saari kuhusu chanjo. Alizibandika kwenye mlango wa friji.

Ya mwisho ilikuja Februari, wiki tatu baada ya mazishi. Nilikuwa jikoni kwake nikifungasha vikombe. Ilimwambia kwamba Hauki anatimiza miaka kumi na minane, kwamba hospitali ya watoto inamtakia heri, na kwamba mama yake ajaze fomu ili faili lihamishiwe kwa daktari wa watu wazima. Nilikaa sakafuni. Halafu nikapiga simu, ili wasiendelee kumwandikia.

Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti changa.

"Naomba kuzungumza na mama wa mgonjwa."

"Amefariki," nilisema. "Mimi ni mdogo wake."

"Jamani. Pole sana, mama." Nilisikia akibofya vitufe. "Na Hauki ameshaambiwa?"

Ningeweza kusema ndiyo nikakata simu. Lakini Lempi hakudanganya watoto, na yule binti hakuzidi miaka ishirini.

"Bado," nilisema. "Na Hauki ni samaki, mwanangu. Wa kitambaa."

Vitufe vikalia tena.

"Kwenye faili hapa," alisema mwishowe, "naona alipasuliwa mkono."

"Ni pezi."

"Sawa. Lakini aambiwe, hata hivyo. Na siwezi kulifunga faili bila fomu."

Jioni nilimtafuta Orrin. Yuko mji wa Hibbing, anajifunza ufundi wa magari. Nilimwambia habari za Lempi. Kisha nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa.

"Yuko hapa mbele, juu ya dashibodi," alisema. "Mishono haijaachia. Ngoja nimwambie."

Nikangoja. Sijui alimwambia nini. Niliusikia upepo tu. Aliporudi kwenye simu pua yake ilikuwa imeziba.

"Anauliza nani atakuwa mlezi wake sasa."

Nikamwambia alale, hilo litashughulikiwa. Nikasafisha meza ya Lempi, nikawasha taa, nikaijaza fomu ile kwa kalamu yake, jina, tarehe, kilo moja. Penye mlezi nikaandika jina langu. Penye uhusiano na mgonjwa walitaka mama, baba, au mahakama. Nilivikata vyote vitatu kwa mstari, nikaandika pembeni: mama mdogo.