Dari ya Gari la Mdogo Mtu

Tangu mdogo wake anunue gari, fundi wa viti vya magari hakuwa na raha. Mama yao, ambaye hakuwahi kusifu hata mshono mmoja wa kifungua mimba wake, sasa alipita nyumba kwa nyumba akitamba, "Mwanangu ananiendesha!" Basi kitambaa cha dari kilipolegea kikamwangukia mama kichwani, fundi alicheka moyoni. Mdogo wake na mama walipolileta gari, alifunga geti la karakana, maana ukoo wao haukuzoea kuanika ya ndani.

Aliushusha ubao wa dari, akakwangua sponji iliyooza, akapaka gundi. Kutandaza kitambaa kipya ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande.

"Kaka, nishike wapi?" mdogo mtu aliuliza.

"Usinichafulie kazi. Kaa huko na mama yako."

Akatandaza peke yake. Kitambaa kikajikunja, kikanasa, na alipokivuta kikachanika. Kilibaki kipande kimoja tu cha rangi ile, na mama alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye kiti cha wateja.

Fundi akakichukua kipande hicho. "Haya, shika upande ule. Usishushe mpaka niseme."

Wakakishusha pamoja. Fundi akakilaza kwa kiganja kuanzia katikati, kikatulia kama ngozi.

"Umeona?" mama akamwambia. "Bila mdogo wako leo ungeumbuka!"

Fundi aliendelea kulainisha kitambaa ambacho hakikuwa tena na kunjo hata moja.