Nilimpiga Ngumi ya Kidevu, Akacheka

Nilimpiga ngumi safi ya kidevu, akacheka.

Si kile kicheko cha kuficha maumivu. Nimepigana vya kutosha kujua tofauti. Nafuna, bondia wa klabu ya Mwiki, alinitazama juu ya glavu zake, akacheka kama mtu aliyeguswa na mtoto.

"Ni hiyo tu, mama?"

Ngumi hiyo ndiyo iliyonipa jina mjini Thika. Ilishalaza wasichana wazito kuliko mimi. Siku hiyo, kwenye ukumbi ule wa Ruiru, ilienda kama nimerusha kitambaa.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Waruguru, naishi Kiganjo, hapo Thika. Ndondi nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, kabla ya kuingia jimu ya Kocha Gachau. Nilikuwa kilo sitini. Hapo ndipo mwili wangu ulipokaa bila kulazimishwa.

Shida ni kwamba Shiko pia alikuwa sitini, na Shiko ni mtoto wa dada yake kocha. Klabu huingiza bondia mmoja tu kwa kila uzito. Na kila tulipofanya sparing, yale mapigano ya mazoezi, nilimwangusha.

Mashindano ya Ruiru yalipokaribia, yale ya kuchagua timu ya kaunti, kocha aliniita kando.

"Ruguru, shuka hamsini na nne."

"Kilo sita, kocha?"

"Huko chini hakuna mtu. Utatafuna hao watoto kama njugu. Ama unaogopa njaa?"

Sikuiogopa. Nimelelewa Ngoliba. Mvua ikikosa kwetu, njaa tunaijua mpaka ukoo wake.

Alinipa suti iliyoshonwa kwa nailoni ya greenhouse, ile ya kufunikia maua. Nikaivaa nikikimbia juani ili jasho linimwagike. Ilipopasuka kwapani niliiziba kwa tepu ya njano. Ugali niliuacha. Chapati niliisahau. Nilitafuna bazoka, ile chingamu, na kutema mate kwenye chupa ili maji yanitoke.

Kilo zikashuka. Kocha akafurahi.

Kwanza ilikuja baridi, hata mchana. Kisha usingizi ukapotea. Kisha hedhi ikakosa kuja, na mwezi uliofuata pia.

Aketch, ninayeishi naye chumba kimoja, alinikazia macho. "Una mimba?"

"Ya nani?"

"Ya hiyo nailoni. Ndiyo unalala nayo."

Nilimwambia kocha, kwa aibu, nikidhani tunaongea kando. Akapaza sauti jimu nzima isikie.

"Shukuru Mungu! Hayo ni mambo ya wanawake wa kukaa nyumbani. Kwa bondia ni ya nini?"

Wavulana wakacheka. Shiko alicheka kuliko wote. "Sasa ni mwanamume, tumwite Githinji!"

Mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Nikiwa na shaka, napima.

Maji yakikauka kwa ploti, ile nyumba ya ghorofa tuliyopanga, nilikuwa napandisha mitungi miwili hadi juu bila kupumzika. Nikajaribu tena. Mtungi mmoja ulinisimamisha ghorofa ya pili, nikikamata ukuta.

"Kocha, nguvu imeisha."

"Ni akili imelegea. Nguvu iko."

Asubuhi ya mashindano tulipanga foleni ya kupimwa uzito. Ile hamsini na nne isiyo na mtu ilikuwa imejaa wasichana hadi mlangoni. Nafuna alinitazama miguu hadi kichwa.

"Haiya! Huu mfupa umetoka wapi? Mpeni uji kwanza, nisije nikashtakiwa."

Yaliyofuata mnayajua. Nilimpiga, akacheka. Yeye akanipiga mbavu mara moja, nikapiga magoti, na refa akasimamisha pigano.

Nilikuwa bado nafungua bandeji za mikono niliposikia wakiita kilo sitini. Shiko akapanda ulingoni peke yake. Hakuna klabu nyingine iliyoleta mtu. Refa akamwinua mkono hata jasho halijatoka, na nafasi ya kaunti ikawa yake.

Nikamfuata kocha.

"Ulisema huko chini hakuna mtu."

"Sasa?"

"Ni huku juu hakukuwa na mtu. Ulijua."

Hata hakuona haya. "Shiko ni damu yangu. Wewe nilikuokota. Na sikukushona mdomo, Ruguru. Ungekula."

Nikaiacha ile suti sakafuni mbele ya viatu vyake, nikaondoka.

Kwenye kliniki moja ya Thika, Daktari Kalondu alinieleza bila kunicheka. Mwili ukikosa chakula huanza kuzima taa, chumba baada ya chumba. Ubongo hupunguza homoni. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, na misuli huliwa na mwili wenyewe.

"Ulidhani unapunguza mafuta," akasema. "Ulikuwa unapunguza ngumi."

"Na wanaume?" nikauliza.

"Homoni zao pia hushuka. Ila wao hawana kitu cha kila mwezi cha kuwaonya."

Nafuna alipata nambari yangu sijui wapi. Akaniandikia: *Kuja Mwiki nikupige vizuri ukiwa umeshiba.*

Nikaenda. Nikala githeri ya maharagwe, viazi, mayai, kila kitu. Kilo zikarudi, usingizi ukarudi. Siku hedhi iliporudi nilipiga nduru bafuni, Aketch akadhani ni nyoka.

Jioni moja kwenye sparing nikampata Nafuna kidevu, ngumi ileile. Hakucheka. Alikaa chini.

"Sasa hiyo ndiyo salamu," akasema.

Mwaka uliofuata niliingia mashindano yaleyale, kilo sitini, kwa klabu ya Mwiki, na sitadanganya, niliingia kwa chuki. Nilimtaka Shiko. Nilitaka mjomba wake aketi mbele aone.

Kwenye foleni ya sitini nikatafuta uso wa Shiko. Hakuwepo.

Nikamwona foleni ya hamsini na nne. Mashavu yamezama, anatema mate kwenye chupa. Amevaa suti ya nailoni yenye tepu ya njano kwapani.

Gachau alikuwa nyuma yake, mkono begani. Alikuwa amesikia narudi sitini, akamshusha. Namsikia bado: "Huko chini hakuna mtu, mami."

Nilikuwa nimeamini alitaka kunivunja. Lakini mtu havunji damu yake. Kuhusu foleni alinidanganya. Kuhusu mwili, hakujua lolote, na hakutaka kujua.

"Unaangalia nini, we mnono?" Shiko akanifokea, watu wote wasikie.

Nikaenda chooni kunawa uso. Mlango ukafunguka polepole nyuma yangu. Alikuwa yeye. Alihakikisha tuko wawili tu.

"Ruguru." Sauti ilikuwa ndogo. "Yako ilirudi?"

"Ilirudi."

"Ulifanya nini?"

"Nilikula."

Akaanza kufungua zipu ya ile suti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, nikamsaidia.

Wewe unayesoma hii ukitema mate kwenye chupa: mizani itakwambia kilo ngapi zimetoka. Haiwezi kukwambia zilikuwa za nini. Mwili unajua, na ukianza kunyamaza, usimruhusu mtu yeyote akuite shujaa.