Mume wangu alinisingizia kosa la seva, sasa anataka niipange tena kwa siri

Habari zenu ndugu wa ukurasa huu. Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Koboko, nina binti mmoja, Shamim. Kwa sasa tunaishi kwa mama yangu, na si kwa kupenda.

Mimi na mume wangu tulifanya kazi katika chuo kimoja binafsi upande wa Mvara, pale Arua. Yeye alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, mimi msaidizi wake. Chuo hakikuweza kumpa kila mwanafunzi kompyuta, kwa hiyo tulikuwa na seva moja kubwa, yaani kompyuta mama, na ndani yake kila mwanafunzi anatengenezewa mashine pepe ya Linux. Ni kompyuta isiyoshikika kwa mkono, anaifungua kwenye skrini yoyote na kukuta kazi zake. Mimi ndiye niliyepanga mipangilio ya mwanzo ya kutengeneza hizo mashine. Unaamua mara moja kila mashine mpya iwe na kumbukumbu kiasi gani, diski kiasi gani, iingie mtandao gani. Baada ya hapo anayetengeneza mashine anaandika jina la mwanafunzi tu, mengine yanajijaza. Niliongeza jambo ambalo hakuna aliyeniomba: kila mashine ijinakili yenyewe kila siku kwenye diski nyingine. Umeme wetu unakatika ovyo, sikutaka mtoto wa mtu apoteze kazi yake. Sifa zote alipewa mume wangu. Sikujali, tulikuwa nyumba moja.

Ikaja siku ya wageni kutoka Kampala. Alipokuwa anawaonyesha seva, ikawa nzito kwa sababu ilikuwa inanakili. Aliona aibu. Wageni walipoondoka akaondoa kunakili kwenye mipangilio ya mwanzo, akabadilisha pia neno la siri ili nisiweze kuingia. Nilipogundua nilimwambia, "Baba Shamim, rudisha. Mashine zote mpya zitabaki bila nakala." Akanijibu bila hata kuniangalia, "Wewe ukipika mimi siingilii chungu chako. Pale kazini mkubwa ni mimi." Nilimkumbusha tena na tena mpaka akaniambia nimekuwa kero, nikaacha. Wanafunzi wapya wakaandikishwa, wakatengenezewa mashine, hakuna hata moja iliyokuwa na nakala.

Umeme ukakatika siku moja mchana, ukarudi kwa nguvu, diski ya seva ikaungua. Wanafunzi wa zamani tuliwarudishia kazi zao kutoka kwenye nakala. Wale wapya walikuwa wa kozi fupi, wanamalizia kazi za mwisho za cheti, na zote zilipotea. Kuna msichana kutoka Dadamu, baba yake analima mihogo kumsomesha. Alikaa chini kwenye veranda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madamu, kweli hakuna?"

Tukaitwa kwenye mkutano. Mkuu wa chuo akauliza nani alipanga zile mashine zitengenezwe vile. Nilimtazama mume wangu, nikingoja aseme. Akasema taratibu, "Mipangilio ya mwanzo aliipanga mke wangu. Mimi nilimwamini." Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana halikuwa na pa kulishikia. Nilijaribu kueleza kwamba kunakili kuliondolewa baadaye, na aliyeondoa ni yeye. Mkuu akanikatiza, "Madamu, usimtupie mumeo mzigo mbele ya watu." Nikafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Lazima mmoja wetu angetoka. Mimi ndiye ninayelisha hii nyumba." Alisema kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Nikafunga nguo zangu na za mtoto, nikaja Koboko.

Jumapili iliyopita mume wangu alikuja, akiwa na mama yake. Yule mama nampenda. Nilipojifungua kwa kupasuliwa, yeye ndiye aliyeniogesha mpaka nikasimama. Akanishika mkono akasema kwa Kiswahili chake, "Mutoto yangu, makosa iko kwa kila mutu. Wewe iliharibu kazi ya watoto ya watu, lakini sisi nasamehe wewe. Rudi kwa nyumba yako." Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kuyeyuka sukari, macho ndani ya kikombe. Kumbe alikuwa amemwambia hata mama yake kwamba kosa ni langu. Nilitaka kusema, lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa huruma ya kweli, nikamwongezea chai.

Wakati wa kuondoka mume wangu akaniita pembeni. Nilifikiri anataka kuomba radhi. Akatoa laptopu kwenye mfuko. "Chuo kimenunua seva mpya," akasema. "Mimi sijui ulikuwa unaipanga vipi. Nipangie kwa hii laptopu ukiwa hapa hapa, nitasema nimepanga mwenyewe. Nikishindwa watanitoa, na mama anakula kwa mshahara huo." Akaiacha mezani, akasema atairudia Ijumaa.

Nikimpangia, atasifiwa kwa kazi ya mikono yangu huku mimi nikiendelea kuitwa mharibifu. Nikikataa, ataweka mipangilio yake mwenyewe, na wanafunzi wengine watakaa kwenye veranda kama yule wa Dadamu. Nikienda chuoni na laptopu yake kama ushahidi, nikasema ukweli, yule mama aliyeniogesha atajua mwanawe alimtumia kuja kunisamehe kosa alilolifanya mwanawe mwenyewe, na sijui kama atalibeba.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Semeni lolote, hata kama ni chungu, nitasoma yote. Ila naomba msiniambie nisamehe. Mimi ndiye niliyesamehewa, kwa kosa nisilolifanya.