Karatasi Niliyoisoma Nusu

Baba alianza kunywa dawa ya damu mwaka ule nywele nyeupe zilipomtokea juu ya masikio. Mama alizing'oa kila Jumapili kabla ya Misa, naye baba alitulia kama mtoto anayenyolewa. Hakuwa mtu wa kujipamba. Katika kambi yetu ya wafanyakazi, mvi zilikuwa jambo la kuogopa. Kila mwaka wanaume waliitwa kwa daktari, wakapimwa uzito, wakabonyezwa tumbo, wakavutwa kope kutazamwa damu. Aliyeonekana amechoka aliondolewa kazini, na nyumba ilikuwa ya kazi. Sisi tungerudi Mitwaba, mahali nilipozaliwa na nisipopakumbuka.

Chupa aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Maniema, mzee mwenye kofia nyeupe na mdomo usiochoka.

"Hii iko na chuma ndani," alimwambia baba. "Kila siku unayeyusha shaba ya bazungu. Sasa kunywa kidogo chuma ya yako."

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa mara nyingi. Baba alinipa mimi. Shule niliiacha mapema, lakini nilikuwa nimejifundisha kusoma kwa vibandiko vya makopo na magazeti ya kufungia chumvi, na baba aliniita karani wake.

"Karani, soma."

Nilisoma upande mmoja: kijiko kimoja kabla ya kula, asubuhi na jioni. Upande wa pili ulijaa maneno magumu, na macho yote yalikuwa juu yangu. Nikaikunja.

"Nimemaliza yote, tata," nilimwambia baba.

Huo ndio uongo wangu. Kuanzia hapo nilijitahidi kuufunika kwa usafi. Nilipima dawa mwenyewe, nikakipangusa kijiko mara tatu, nikachora mstari wa makaa kwenye chupa kila jioni. Tone likimwagika, sikuwa na raha siku nzima.

Jirani yetu alimkuta baba akimeza, akacheka. "Bwana arusi! Unatafuta ujana, unataka kuoa ingine?"

"Minataka kuoa kilo," baba alijibu, akimwaza daktari na mizani yake. "Munganga anapenda kilo."

Wiki ya pili mizaha ilikwisha. Baba alianza kubakiza bukari, ugali wetu, kwenye sahani. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua maharage, nikasikia sauti yake dirishani, akimwambia mama.

"Choo yangu iko mweusi, mama. Mweusi kama makala ya jiko."

Nilisikia mama akifunga mlango. Msimu wa mvua uliopita, mtu wa mstari wetu wa nyumba alianza hivyohivyo. Alikwenda lupitalo, hospitali ya kambi, kwa miguu yake, akarudishwa amefunikwa shuka.

"Njo damu inatoka," baba alisema. "Usiambie muntu. Tutatumia ndugu yangu habari, atengeneze paa ya nyumba kule mukini, Mitwaba. Na mutoto asijue."

Maharage yalinimwagika. Niliichukua ile karatasi ndani ya daftari langu na kuanza upande wa pili, neno kwa neno. Neno la weusi nililijua tangu zamani. Mengine niliyazungukia hadi mama aliponiita kuwasha moto. Iliandikwa kwamba dawa hiyo huweza kukifanya choo kiwe cheusi, na kwamba mtu asiogope.

Nilinyamaza siku mbili. Naandika hili kwa aibu. Niliogopa kusema nilidanganya, na niliogopa zaidi kwamba huenda nimekosea tena: nimwambie ni dawa, kumbe ni damu kweli. Siku ya tatu nilitazama chupa. Dawa ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya mstari wangu. Baba alikuwa anakunywa kwa siri, arudishe damu aliyodhani inamtoka. Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya daktari.

Nilipiga magoti mbele yake. "Tata, nilikudanganyaka. Karatasi nilisoma nusu."

Alisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha.

"Na leo unasoma yote? Ao tena nusu?"

Nilimsomea kila herufi, hata jina la mji ilikotengenezwa. Akataka nirudie. Kisha akaifunga chupa, akaiweka juu ya kabati. "Tutaacha kunywa. Tutaona."

Kesho yake daktari alimvuta kope, akamwandika abaki kazini. Juu ya choo hakuuliza, na baba hakusema. Mama alishukuru Mungu. Mimi sikuweza, maana kope hazikuniambia kama weusi ule ni dawa au damu. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikiangalia njia ya vyoo vya kambi, na baba alirudi akitikisa kichwa.

Asubuhi ya nne alirudi polepole, taulo begani. Alinipita, akaingia ndani. Nikasikia mfuniko wa sufuria.

"Karani," akaita, mdomo umejaa. "Kuya kula. Ulisoma muzuri."