Amplifaya za Nyumba Mbili

Mchana Skhemlang anaendesha teksi hapa Shillong, jioni ni mpiga gitaa wa bendi yetu. Mimi ndiye mpiga ngoma, nimekaa nyuma yake miaka mingi hadi nayajua mabega yake kuliko uso wake. Ni mtu mwema, na anaogopa watu wawili tu duniani: mkewe Phidalia na mdogo wake wa mwisho, Bashisha. Wanaume wengi wa hapa tuko hivyo hivyo, ila wengine tunajua kujificha.

Kilichomtesa ni stirio. Alikuwa na pedali ya mwangwi yenye matundu mawili ya kutolea sauti, na tangu ujana wake alitamani kuyaunganisha na amplifaya mbili, moja kulia na moja kushoto, sauti ziwe zinarushiana huku yeye amesimama katikati. Amplifaya mbili zilikuwepo. Ila ya kwanza aliinunua kabla ya kuoa, na kwetu anachochuma kijana asiyeoa ni mali ya nyumba ya mama yake. Mama alipofariki, nyumba na vilivyomo vikawa vya Bashisha, binti wa mwisho. Ya pili aliinunua akiwa na mke, kwa hiyo ni ya nyumba ya Phidalia. Yeye mwenyewe anamiliki pedali na viatu.

Na mawifi hao hawakuwa wakisemeshana tangu matanga ya mama, Phidalia alipotamka mbele za watu kwamba nyama ya nguruwe aliyoipika Bashisha haina chumvi.

Lilipokuja tamasha la ukumbi wa mtaa, Skhemlang alibembeleza huku, akabembeleza kule, mpaka kila mmoja akakubali kutoa ya kwake kwa sharti kwamba aje nayo mwenyewe. Basi Jumamosi mchana, mvua ikipiga bati la ukumbi, Bashisha alikaa kulia mwa jukwaa na Phidalia kushoto, kila mmoja kashikilia amplifaya yake kama mbuzi wa mnadani.

Skhemlang akajaribu moja, ikanguruma. Akajaribu ya pili, ikanguruma. Akawasha zote, na pale katikati sauti ikawa nyepesi kama chai iliyoongezwa maji.

"Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta," akasema. "Zinauana. Ni kugeuza nyaya mbili kwenye spika moja tu, kwisha."

"Spika ipi?" akauliza Bashisha.

"Yoyote, dada. Haina..."

"Yetu isiguswe. Mama alikufa ikiwa nzima. Wenye kasoro wanajijua."

"Baba Iban," Phidalia akamwambia mumewe, macho ukutani, "mwambie dada yako kwamba ya kwangu haijapungukiwa kitu. Hata chumvi."

"Kaka, umeusikia huo mdomo?"

"Tumia moja tu, yaishe," nikamshauri.

"Ipi?" akaniuliza. Nikajitia kukaza ngoma zangu.

Nilimwonea huruma kwa kweli. Zikirudi makwao siku ile, zisingekutana tena, na hamu yake ya miaka yote ingeishia hapo. Akafuta jasho, akawaambia waende wakanywe chai. Wakatoka, kila mmoja kwa mlango wake. Akachukua bisibisi, akainama nyuma ya amplifaya muda mrefu, kisha akawaita.

Akapiga gitaa. Chai ile ile, maji yale yale.

Wanawake wakamtazama. Umeme hawaujui, ila Skhemlang wanamjua.

"Wifi," akasema Bashisha, nikakaribia kuangusha fimbo zangu, "huyu amezigeuza zote mbili."

"Ili tusinune!" akasema Phidalia. "Keki ya watoto ndivyo anavyoikata. Anasawazisha huku, anasawazisha kule, mwisho tunakula makombo."

Wakacheka mpaka Bashisha akashika ubavu. Skhemlang akasimama na bisibisi yake, masikio mekundu. Kisha kicheko kikaisha, maana swali lilikuwa pale pale: ni lazima moja irudishwe kama ilivyokuwa, na ni moja tu. Bashisha akafungua mdomo, lakini Phidalia akamwahi.

"Rudisha ya mama," akamwambia mumewe. "Ikae kama alivyoiacha."

Bashisha akainuka. Akafungua fundo la nguo yake, akakunja tambuu na popoo, akavuka jukwaa akampa wifi yake, kama anavyokaribishwa mgeni nyumbani kwetu. Phidalia akatafuna.

"Ile nyama," akasema baadaye, "siku ile nilikuwa na mafua."

"Chumvi nilisahau, wifi."

Skhemlang akageuza nyaya, akasimama katikati, akapiga. Sauti ikaanzia kwa mama, ikajibiwa kwa mke, ikarudi, nene, mpaka nikaihisi kwenye kiti. Miaka yote nimeyatazama mabega yale, na sikuwahi kuyaona yakilia. Nikashindwa hata kumtania. Akafumba macho, akaongeza sauti.

Basi kutoka kulia na kushoto, kwa pamoja, wakampigia kelele:

"Punguza!"

Akapunguza.