Uzi Mwekundu

Yule bwana wa bahasha za kaki hakuwa na sanduku la posta; alitumia la duka la Mehzabin, muuza madaftari wa Bagamoyo. Kila bahasha iliporudi kutoka Dar aliifungua palepale kaunta, vidole vyake vyenye madoa ya wino vikipapasa katikati ya karatasi mpaka viguse uzi mwekundu. “Umo,” husema, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Barua iliyoambatanishwa haisomi. Mehzabin hakumwamini hata chembe. Uzi wa nini, kama si uganga? Au ni hati za kughushi za viwanja vya Kerege, kiwanja kimoja kuuziwa wanunuzi watatu? Bahasha ya sita akaifungua mwenyewe. Kumbe riwaya. Akaisoma akitafuta ushahidi, akasahau hata sala ya adhuhuri, akaimaliza, akaibandika upya kwa gundi.

Kesho yake bwana akapapasa, akapekua, akakung’uta.

“Dada Mehzabin, haumo!” Akaipiga kaunta kofi. “Mara tano wachapishaji wamenirudishia uzi niliouweka, bila kufunua hata ukurasa. Leo wamenisoma!”

Barua ya kumkataa ilidondoka, hakuiokota.

“Alhamdulillahi,” Mehzabin alisema, akiusukuma uzi uliodondoka jana chini ya kaunta kwa ncha ya kiatu.