Kigoda cha Mama Vitana

Saa mbili asubuhi, Mama Vitana anakaa kwenye kigoda, anavua kilemba na kumwinamishia kichwa binti wa miaka tisa. Binti anamchana. Anapitisha kitana mistari saba, wala hazidishi. Akimaliza anageuka mwenyewe na kumpa msusi mgongo.

"Haya, zamu yangu sasa," anasema Mama Vitana, na kuanza kutenga nywele.

Msusi hospitalini? Ndiyo. Katika chumba hiki watafiti wanajaribu kama umeme hafifu, unaopitishwa kichwani bila kupasua wala kuchoma sindano, unaweza kuwasaidia watoto wenye usonji. Vibati vinavyopitisha umeme huo lazima viguse ngozi ya kichwa. Nywele nzito zilivizuia, watoto kadhaa wakarudishwa nyumbani. Ndipo daktari anayeongoza utafiti alipomkumbuka msusi wake, Mama Vitana.

"Zamani tafiti hizi zilikuwa na watu wachache, wengi watu wazima," anasema daktari. "Sasa tunataka watoto, na wa kila aina ya nywele. Majibu bado yanagongana, simdanganyi mzazi."

Kwa nusu ya watoto mashine huwaka tu bila kupitisha umeme, ili walinganishwe na wenzao. Nani yuko upande gani, humu chumbani hakuna anayejua.

Binti huyu ana vikao ishirini. Akikosa vitatu, anaondolewa. Viwili vya mwanzo vilipotea, na kosa, msusi anakiri, lilikuwa lake.

"Nilimwendea kwa nyuma. Miaka kumi na tisa nasimama nyuma ya mteja, mwili umeshazoea. Mtoto wa watu akajificha chini ya meza. Nilikwenda kulia chooni, sikufichi."

Siku ya tatu alikaa chini, akaweka kitana kando yake na kuinamisha kichwa. Dakika arobaini. Shingo ikafa ganzi. Kisha akasikia kitana kikipita.

Mama wa binti hutazama yote hayo akiwa kwenye kiti cha mlangoni. Kwa miaka mitatu amekuwa akimchana mwanawe akiwa usingizini, kidogo kidogo, asije akaamka.

"Naona wivu, niseme ukweli," anasema. "Nimemzaa mimi."

Leo ni kikao cha mwisho. Vibati vinatolewa, mashine inazimwa. Mama Vitana anainuka na kumwita mama mtu.

"Kaa hapa. Vua kilemba. Usimwambie kitu."

Mama anakaa. Binti anazunguka meza mara mbili, anasimama, anachukua kitana.

Kilichombadilisha binti ni umeme, au ni kigoda? Daktari anatikisa kichwa. "Bado sijui. Tutajua tukifungua orodha ya waliopata umeme."

Mstari wa saba unapita. Binti anageuka na kumpa mama yake mgongo. Mama anapokea kitana.

"Nimchane mistari mingapi?" ananong'ona.

"Saba, usizidishe," anajibu Mama Vitana, akijifuta macho kwa kilemba. "Na Jumatatu uje naye saluni. Asubuhi zote za Jumatatu nitawawekea watoto kama hawa. Redio nitaizima, kigoda ninacho."